Sanduku la Wasomaji: Siku nne Kigoma, uone nini na ule nini

Barua nyingi za mara hii zimeuliza habari za Kigoma, kwa hiyo tumezijibu pamoja. Kabla hujasoma, shika jambo moja litakalojirudia katika karibu kila jibu: Kigoma ratiba hupangwa na Ziwa Tanganyika. Samaki huingia alfajiri, boti za kaskazini huondoka mchana, upepo wa Mei hadi Septemba huinua mawimbi, na mwezi ukiwa mpevu dagaa huadimika. Anayelijua hilo mapema hufaidi mji huu kuliko mwenye fedha nyingi aliyekuja bila mpango.

Mimi na mume wangu tutafika kwa treni mwezi Julai na tutakuwa na siku nne kamili. Tunataka Gombe, Ujiji na ufukweni. Tuanze na nini? (Msomaji, Morogoro)

Anzeni na Gombe, dada. Ujiji na ufukwe vitawasubiri. Gombe inategemea boti na hali ya ziwa, na mkiiweka siku ya mwisho, mawimbi ya siku moja tu yanatosha kuwakosesha.

Hifadhi ya Taifa ya Gombe iko kiasi cha kilomita 16 kaskazini mwa mji na haina barabara ya kuingia. Njia ni ya maji tu. Boti za abiria huondokea mwalo wa Kibirizi, mwendo mfupi kwa bajaji kutoka katikati ya mji. Ni boti ndefu za mbao zinazobeba watu, unga, mabati na kreti za soda kwenda vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo na Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, na njiani hushusha wageni Kasekela, kwenye ofisi za hifadhi. Safari huchukua kama saa tatu. Huondoka mchana, na zinazorudi mjini hupita Kasekela mapema asubuhi.

Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Boti inafika jioni na ya kurudi inapita asubuhi, kwa hiyo anayelala usiku mmoja hana muda wa kuingia msituni. Mnahitaji usiku mbili: siku ya kwanza mnasafiri, ya pili mnapanda mlima kuwatafuta sokwe, ya tatu asubuhi mnarudi. Siku hiyo ya tatu mchana nendeni Ujiji. Siku ya nne amkeni alfajiri kwa ajili ya mwalo wa Katonga, kisha soko la Mwanga, kisha ufukwe.

Mnaweza pia kukodi boti yenu. Yenye kasi hufika chini ya saa moja, na bei yake huwa nafuu mkiwa watu watano au sita wa kuchangia. Lakini hatupendekezi kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Sokwe wakiwa juu milimani, kuwatafuta peke yake kunaweza kula saa tatu, na mwenye boti atakuwa anatazama ziwa na kuwaharakisha.

Mambo madogo yanayoharibu safari hii ni haya. Fikeni Kibirizi kabla ya saa tano asubuhi, muulize boti ipi inaondoka kwanza na kama itasimama Kasekela. Msidhani kila boti inasimama. Siku za Jumapili na sikukuu ulizeni tangu jana yake. Kaeni katikati ya boti, maana mbele maji huwarukia na nyuma mnavuta moshi wa injini. Mizigo itieni ndani ya mifuko ya nailoni mizito. Mwavuli hausaidii kwenye upepo, chukueni kofia ya kufunga na kanga au kitenge cha kujifunika. Ulizeni jaketi okozi kabla boti haijasukumwa majini, na kama hakuna, subirini nyingine.

Kuhusu malipo, hifadhi haipokei fedha taslimu. Lipeni kwa kadi au kwa kontroli namba, na mfanye hivyo mkiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri. Bebeni vitambulisho vya NIDA, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni tofauti kabisa na cha mgeni wa nje, na bila kitambulisho mtabishana bure. Wakati wa kuweka nafasi ulizeni kama chakula kitakuwepo au mbebe chenu mpikiwe.

La mwisho: msipange boti siku ileile treni inapofika. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli ya zamani, na treni huchelewa. Laleni mjini usiku mmoja kwanza.

Nina watoto wa miaka 9 na 13. Je, wataona sokwe kwa hakika? Na ni kweli wanatulazimisha kuvaa barakoa? (Baba wawili, Dodoma)

Wa miaka 9 hataruhusiwa kuwafuata sokwe msituni. Hifadhi ina umri wa chini kwa ajili ya matembezi hayo, kwa hiyo hata kwa huyu wa miaka 13 uliza ofisi kabla hujalipa chochote. Mdogo anaweza kubaki ufukweni Kasekela na mtu mzima, na nyani atawaona wengi kuliko anavyotaka. Nyani wa pale wamezoea watu: mlango ukiachwa wazi wanaingia, na ndizi mkononi wanaipokonya. Chakula kiliwe ndani.

Uhakika wa kuona sokwe mtu haupo, lakini nafasi ni nzuri, maana watafutaji wa hifadhi hutoka alfajiri kuangalia walikolala na kumweleza mwongozaji. Majira ya mvua sokwe hawatembei mbali sana, kwa hiyo huwa rahisi kuwapata, ila njia zinateleza. Kiangazi, Julai hadi Oktoba, njia ni kavu na mwanga ni mzuri kwa picha, lakini huenda mkapanda sana. Vaeni viatu vyenye meno chini na suruali ndefu. Raba laini za mjini huteleza kwenye majani makavu sawasawa na kwenye tope.

Barakoa ni lazima na ina sababu. Sokwe huambukizwa mafua na magonjwa ya kifua kutoka kwetu, na ugonjwa mwepesi kwa mtu unaweza kuua familia nzima ya sokwe. Mwenye mafua au kikohozi asiende, hata kama amelipa. Umbali ni mita 10 au zaidi, muda wa kukaa nao hauzidi saa moja, na hakuna kula, kutema mate wala kujisaidia karibu nao. Sokwe akija upande wako, usikimbie. Sogea taratibu umpishe njia.

Waeleze watoto kabla ya kwenda kwamba Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika hapo Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26. Kabla mwaka haujaisha alimwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichomeka unyasi ndani ya kichuguu, akiutoa na kula mchwa walioung'ang'ania. Hadi siku hiyo ilidhaniwa kwamba ni binadamu peke yake anayetengeneza na kutumia zana. Utafiti ule haujakatika tangu wakati huo, ingawa Goodall mwenyewe alifariki dunia Oktoba 2025. Mtoto aliyesikia hayo hutazama kichuguu kwa macho mengine.

Kila hoteli niliyofikia Kigoma naletewa chipsi kuku. Samaki wa ziwa wanaliwa wapi na niagize nini? (Mfanyabiashara, Kahama)

Tatizo ni saa unayoagiza. Wavuvi huingia ziwani jioni na kurudi alfajiri, kwa hiyo samaki mbichi yuko mwaloni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Ukiulizia usiku hotelini, kilichobaki ni cha kwenye friji. Mwambie mpishi asubuhi kwamba unataka samaki wa mchana, au nenda kwa mama lishe wa Katonga, Kibirizi na soko la Mwanga kati ya saa sita na saa nane. Baada ya hapo sufuria zimeoshwa.

Agiza mgebuka kwanza. Ni samaki mwembamba, mrefu, wa rangi ya fedha, anayekula dagaa, na nyama yake ina mafuta. Kwa hiyo afadhali achomwe: mafuta yanadondoka kwenye mkaa na ngozi inakauka. Kama unachoma mwenyewe, mfute maji vizuri, mchanje mara tatu kila upande, mpake chumvi na ndimu, na waya wa jiko upate moto kwanza. Waya baridi na ngozi yenye maji ndivyo vinavyomfanya agande na kuvunjika. Mkaa uwe umeshika majivu meupe. Dakika 8 hadi 10 kila upande zinatosha kwa mwenye urefu wa mkono hadi kiwiko.

Mkague kabla hujanunua. Jicho liwe angavu, matamvua yawe mekundu, na tumbo liwe gumu. Mgebuka huanza kuharibikia tumboni, kwa hiyo aliyepasuka tumbo mwache hata ukipunguziwa bei.

Kuhe ni mwingine kabisa: mkubwa, mnene, nyama nyeupe isiyo na mafuta mengi. Huyo apikwe mchuzi wa nyanya au akaangwe, ukimchoma anakauka. Mle na ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa mawese. Usiondoke bila kula maharage ya Kigoma, yanaiva haraka na mchuzi wake ni mzito bila kuongezwa kitu.

Angalizo la kalenda: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Anayesafiri miezi hiyo aulize kwanza kama ziwa limefungwa, maana likifungwa mgebuka mbichi atakuwa adimu na atakula wakavu.

Nataka kubeba dagaa na mawese hadi Dar es Salaam. Mara ya kwanza dagaa walibadilika rangi na mawese yakamwagika kwenye begi. Nifanyeje? (Mama, Ilala)

Pole, mama. Hivi viwili vinabebeka vizuri mno vikichaguliwa na kufungwa inavyotakiwa.

Tuanze na dagaa. Huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huwavuta juu na wavu huwainua. Mbalamwezi ikiwa kali hutawanyika, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa mwezi unapokuwa mpevu. Kwa hiyo nunua siku za giza la mwezi: bei huwa nzuri na dagaa ni wapya. Kilo nne hivi za wabichi hutoa kilo moja ya wakavu, nawe ukiona bei iko chini kupita kiasi, ujue hawajakauka sawasawa na unanunua maji.

Uliza walianikwa wapi. Wa kwenye vichanja huwa safi. Wa mchangani hubeba mchanga ambao hautoki wote hata ukiwaosha mara tatu. Chota konzi, wapepete juu ya karatasi nyeupe utaona mwenyewe. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha, ana kichwa chake, na ukimpinda anavunjika kwa kishindo kidogo. Anayejikunja bila kuvunjika bado ana unyevu. Rangi ya manjano au kahawia tumboni ni dalili kwamba mafuta yameanza kuchacha, na dagaa wa Tanganyika ana mafuta, ndiyo maana ni mtamu na ndiyo maana huharibika upesi asipotunzwa. Wa msimu wa mvua huchukua siku mbili au tatu kukauka badala ya moja, kwa hiyo kati ya Novemba na Aprili kagua mara mbili.

Waliobadilika rangi kwako huenda walifungwa kwenye nailoni wakiwa bado na joto la jua. Jasho lao liliwalowesha. Waache wapoe kivulini kwanza, wafunge kwenye mfuko wa karatasi au kiroba safi, na nailoni iwe ya nje tu, siku ya safari. Ukifika nyumbani waanike tena saa mbili tatu, kisha uwaweke kwenye chombo cha kufunika. Wa kula baada ya mwezi mmoja waweke kwenye friza.

Mawese sasa. Nusa kabla ya kuonja: mazuri yana harufu ya tunda, mabaya yanakwaruza koo. Tazama kitako cha chupa kwenye mwanga. Ukiona tabaka la maji chini, yataruka na kulia kwenye sufuria na yatachacha mapema. Lakini chupa ikiwa na mafuta mazito chini na mepesi juu, usimshutumu muuzaji; mawese hujitenga hivyo yakipoa, na ukiiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu yanarudi kuwa mamoja.

Yalimwagika kwa sababu mafuta hupanuka yakipata joto. Usijaze chupa hadi shingoni, acha nafasi ya vidole vitatu. Weka kipande cha nailoni mdomoni kabla ya kufunga kifuniko, isimamishe wima ndani ya ndoo yenye mfuniko na gazeti pembeni. Kwa ndege itaingia kwenye mizigo ya chini, haikubaliki mkononi.

Jikoni usiyachome hadi yatoe moshi mwingi. Wekundu wake ni karotini, nao hufa kwa moto mkali. Ukiona yamekuwa meupe, umepoteza ladha na faida yake. Kwa vikombe viwili vya dagaa waliooshwa kwa maji ya moto, vijiko vinne vya mawese, kitunguu kimoja na nyanya tatu vinatosha. Kaanga kitunguu, weka nyanya hadi zilainike, tia dagaa na maji robo kikombe, funika dakika 10. Ukikoroga sana utapata uji wa vichwa.

Ugali wa muhogo nilioula Ujiji ulikuwa unavutika na laini. Wangu huwa na madonge. Nakosea wapi? (Msomaji, Singida)

Unaupika kama wa mahindi. Unga wa muhogo hautaki uji kwanza. Chemsha maji vikombe vitatu hadi yatokote sana, punguza moto au epua kabisa, mimina unga vikombe viwili kwa mara moja katikati, na uanze kusonga palepale kwa nguvu, ukikandamiza kwenye ukuta wa sufuria. Ndani ya dakika tatu ugali utabadilika kutoka weupe wa chokaa na kuwa wenye kung'aa kidogo. Hapo rudisha motoni dakika mbili. Ukitia unga kidogo kidogo, wa kwanza unaiva na kushikana kabla wa mwisho haujaingia, na hayo ndiyo madonge.

Unga wenyewe uwe wa mihogo iliyolowekwa siku tatu hadi tano ikalainika, ikakaushwa ndipo ikasagwa. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi, na ni kule kulowekwa na kukaushwa kunakoiondoa. Usinunue unga usiojua umetengenezwaje.

Ninaongoza wanafunzi 40 wa kidato cha tatu kwenda Ujiji. Kuna nini cha kuona zaidi ya mnara wa Livingstone? (Mwalimu, Tabora)

Mwalimu, wewe umetoka upande wa pili wa njia hiyohiyo. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara ya pembe na watumwa iliyoanzia Bagamoyo na kupita Tabora, kwa hiyo anza somo shuleni kwako kwa ramani, wanafunzi wafike wakijua wanakanyaga nini. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858. Livingstone alifika mara ya kwanza 1869, na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta, akamkuta hapo 1871. Tarehe inayotajwa zaidi ni 10 Novemba.

Kwenye eneo la kumbukumbu kuna mnara wa mawe, miembe inayosemekana kutokana na ule uliowafunika siku hiyo, na makumbusho yenye sanamu za wawili hao wakisalimiana. Wanafunzi watauliza mbona ziwa liko mbali. Swali zuri: ufuko umesogea tangu karne ile. Wagawe makundi mawili ya watu 20, moja liingie makumbusho na jingine litembee Ujiji mjini, wakaone nyumba na misikiti, wazungumze na wazee. Tungesikitika sana kama wangeondoka wakijua Waingereza wawili tu na wasisikie neno juu ya Wamanyema na Waha, ambao mji ni wao. Omba ruhusa ya wazee kabla ya siku hiyo, na wanafunzi wavae kwa heshima. Daladala za Kigoma na Ujiji hupita Mwanga, lakini kwa watu 40 kodi basi.

Ziwa ni safi mno kwa macho. Naweza kuogelea bila hofu ya kichocho? (Msomaji, Arusha)

Bila hofu kabisa, hapana. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia na yenye majani, kwa hiyo epuka midomo ya mito, matete na mialo ya wavuvi. Penye mawe na mawimbi, kama ufukwe wa Jakobsen upande wa Katonga, hatari ni ndogo, na ukivaa miwani ya maji utaona samaki wa rangi wanaozunguka mawe; zaidi ya aina 200 za jamii yao hazipatikani popote duniani ila ziwa hili. Uliza wenyeji kuhusu mamba kila mara. Miezi miwili baada ya safari kapime mkojo na kinyesi hata kama hujisikii vibaya. Dawa ipo na inatibu.

MV Liemba bado inasafiri? Na treni ikisimama Tabora ninunue asali? (Msomaji, Pwani)

Liemba, meli kongwe ya abiria ya Ziwa Tanganyika, imekuwa kwenye matengenezo makubwa; usipange safari juu yake bila kuuliza bandarini. Ukipata nafasi ya kuiona, itazame vizuri. Ilijengwa Ujerumani 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande na kuletwa ndani ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 wakiwa wamepaka mitambo grisi ili isishike kutu. Iliinuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la sasa.

Asali nunua. Ya misitu ya miombo ni nyeusi kiasi na nzito. Kuganda chembechembe si dalili kwamba imechanganywa na sukari, asali huganda hivyo kwa asili yake. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unavumilia, itayeyuka. Ya kukataa ni yenye povu juu na harufu ya uchachu, maana ilirinwa kabla haijaiva na maji yake ni mengi. Kumwaga tone kwenye maji au kuwasha kiberiti kilichochovywa hakuthibitishi kitu. Omba kuonja, fungua kifuniko mwenyewe, na ulipe kabla kengele ya treni haijalia.